Chupa Kumi za Nguva

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefungua duka baada ya kumaliza uradi. Vumbi la barabara ya Ushirombo limeingia hadi kwenye kopo la ubani. Nimefuta rafu zote. Habasoda imebaki pakiti mbili. Udi kidogo. Mafuta ya nguva yalikuwa chupa kumi na nne, tatu zimeondoka kabla ya saa nne.

Jumatatu wachimbaji wa Nyarugusu huwa wengi. Wanayataka kabla hawajashuka kwenye duara, shimo la dhahabu. Wanapaka kamba, wanapaka nyundo, wengine kifua. Wanasema nguva ndiye mwenye mali ya chini, na ukuta ukimsikia hauanguki. Mimi sibishi, nauza. Marehemu mume wangu, Baba Zuhura, ndiye aliyeanza biashara hii tulipohamia hapa Katoro. Mdogo wake, shemeji Athumani, anayatuma kutoka Kilwa. Mimi nimezaliwa Tinde. Bahari sijaiona hata siku moja.

Mchana kaja Masanja, mtoto wa dada yangu. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, ndiye msimamizi wa duara moja kule Nyarugusu. Wanaume watano wako chini yake. Yeye simuuzii, nampa. Nimempa chupa. Nimemuuliza kama wameshaweka matimba, yale magogo ya kushikilia kuta. Kasema magogo yanachelewesha kazi, na yeye ana nguva wa mama mdogo. Akacheka. Na mimi nikacheka.

Zimebaki kumi.

Jumatano, 6 Novemba

Mkutano sokoni. Afisa wa maliasili amekuja na kipaza sauti na picha kubwa ya mnyama. Nilidhani ni habari za tembo. Kumbe nguva.

Kasema nguva amepandishwa daraja la ulinzi. Zamani kosa lilikuwa kumvua. Sasa hata kukutwa na jino lake, ngozi yake, nyama au mafuta ni kosa, na kifungo kipo. Mwenye navyo avipeleke ofisi ya kata kabla ya mwezi kwisha. Akivipeleka mwenyewe hashtakiwi.

Watu wakacheka. Sisi na bahari wapi na wapi? Mzee mmoja mfugaji akauliza, "Huyo anakula nini?"

"Nyasi. Zinaota chini ya maji."

"Basi huyo ni ng'ombe."

"Anaitwa hivyo pia, mzee."

"Anazaa wangapi?"

"Mmoja. Halafu inapita miaka ndipo azae tena."

Mzee akatikisa kichwa. Kasema mfugaji mwenye ng'ombe wa hivyo halafu anachinja, huyo kichaa. Hapo hakuna aliyecheka.

Kwenye picha nguva alikuwa ananyonyesha. Titi liko kwapani, kama la mwanamke. Sikujua. Miaka yote hii nimemtaja huyu kila siku, sikuwahi kujiuliza ana sura gani. Nilidhani ni nusu jini.

Nimerudi dukani. Nimezifunika zile chupa kwa kanga.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia shemeji Athumani. Nimemweleza yote. Nimemwambia asitume tena, na awe mwangalifu asije akakamatwa huko.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, nguva nimpate wapi? Mara ya mwisho kumwona nilikuwa mtoto. Hayo ni mafuta ya papa. Na alizeti kidogo."

Nikamuuliza tangu lini. Kasema tangu mwanzo.

Nikamuuliza kama Baba Zuhura alijua. Akasema kaka yake alikuwa mfanyabiashara, na mimi nisimsumbue marehemu.

Nimekata simu. Kitu cha kwanza nilichosema ni Alhamdulillahi, sifungwi. Baadaye nikaona aibu kwa shukrani ile. Miaka yote hiyo nimewauzia watu uongo, na nikawa naupaka jina la Mungu, maana kila chupa nikiitoa nasema bismillahi.

Nimeswali rakaa mbili. Nimemuombea Baba Zuhura. Nimemkasirikia pia. Yote mawili kwenye mswala mmoja.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya swala nimekwenda ofisi ya kata na chupa zote kumi kwenye kikapu. Yule afisa alikuwepo. Nimemwambia ukweli. Kwamba nimeuza kwa jina la nguva, na jana nimeambiwa ni papa na alizeti. Akaandika. Darasa la saba langu limetosha kuyasoma aliyoyaandika. Nikasaini.

Nilitegemea aniambie niende kwa amani. Hakusema hivyo. Kasema zitapelekwa kupimwa, na kama ni kweli basi kwa sheria hii sina kosa. "Lakini mama, hata ya uongo yanamuua. Nyinyi huku mkiyatafuta kwa jina lake, kule pwani atatokea mtu wa kumtafuta yeye mwenyewe."

Nimerudi dukani na kikapu kitupu.

Nimebandika karatasi mlangoni: MAFUTA YA NGUVA HAYAPO. YALIYOUZWA HAPA HAYAKUWA YA NGUVA. HAYAZUII UKUTA KUANGUKA. MWENYE CHUPA AIRUDISHE. NISAMEHENI.

Jumapili, 10 Novemba

Siku mbili. Haijarudi hata chupa moja.

Wanakuja, wanasoma karatasi, wanatabasamu. Wananikonyeza. Mmoja ameniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, una akili sana." Mwingine kaomba "ile ya ndani" na akataja bei mara tatu ya ile ya zamani. Nikamwambia ni papa, baba, ni samaki. Akasema sawa, basi nimpe hiyo ya papa. Akacheka na wenzake.

Nikiapa wanaamini zaidi kwamba nimeyaficha. Kabla ya afisa kuja walikuwa wanayapenda. Baada ya serikali kusema ni kifungo, wanayaabudu.

Mama Neema wa duka la sabuni, jirani yangu, katoka kanisani kaja kukaa na mimi. Kasema, "Shoga, ungesema ni ya kweli wangeyamwaga kwa woga. Umesema ya uongo, wameyafungia kwenye masanduku."

Ni kweli kabisa. Tumekunywa chai.

Jumanne, 12 Novemba

Mawingu tangu asubuhi. Masanja kaja kwa pikipiki. Sikumngoja anisalimie, nimemvuta ndani. Nimemweleza kama nilivyomweleza afisa. Hata la Baba Zuhura, kwamba huenda alijua, nimelisema, jambo ambalo sikutaka kumwambia mtu.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kauliza nimezificha wapi zilizobaki.

"Mama mdogo, mimi si mtu wa serikali. Wadanganye hao wengine. Mimi usinifanyie hivyo."

"Naapa kwa Mungu, Masanja."

"Hata mimi ningeapa, jela ikiwa mlangoni."

Kasema wamepata jiwe zuri. Wanashuka zaidi. Nimeuliza magogo. Kasema, "Miaka minne na chupa yako, ukuta umewahi kutugusa?" Haujawagusa. Hiyo ndiyo taabu yenyewe.

Wanaume sita chini ya ardhi, mvua inakuja, na kinachowapa moyo ni mimi. Mimi niliyempa, kwa mkono huu, bure, kwa mapenzi.

Jumatano, 13 Novemba

Sikula mchana. Nimefikiria niende kuwashitaki. Duara likifungwa kwa amri, atashuka jingine kesho yake, tena kwa siri. Namjua.

Kuna kitu kimoja wanakiamini kuliko chupa. Mwanamke hakanyagi mdomo wa duara. Wanawake wapo Nyarugusu, wanapika, wanaponda mawe, lakini huko hawafiki. Mwanamke akisimama pale, dawa yote iliyowekwa inakufa, ya kamba, ya nyundo, ya kifuani. Hakuna anayeshuka.

Siamini hayo. Ni ushirikina, nimefundishwa hivyo tangu madrasa. Na kama nikiyatumia, nitakuwa nimeyapa nguvu. Nimetoka kwenye uongo mmoja niingie mwingine kwa makusudi, macho wazi.

Nimeswali istikhara, kuomba kuongozwa, baada ya isha. Nimemwambia Mungu wazi kwamba ukweli nimeshausema kila namna ninayoijua na hauuziki.

Radi imepiga upande wa Nyarugusu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda.

Nimefika na bodaboda saa tano. Nimekaa kwa mama lishe, mbali, nikanunua maandazi ambayo sikuyala. Nilingoja watoke kula. Nimehesabu vichwa vikitoka kwenye shimo kimoja kimoja. Sita. Masanja wa mwisho. Ndipo nikasimama.

Mzee mmoja wa pale ndiye aliyeniona kwanza. Akapiga kelele. "Mayu! Simama hapo hapo! Mayu, usivuke!" Wengine wakaanza kukimbia. Mimi sikimbii, magoti yangu yanauma, lakini walichelewa. Nadhani waliogopa kunishika.

Nimesimama juu ya magogo mawili yaliyolazwa kwenye mdomo wa duara. Nimechungulia. Kuta ni udongo mtupu. Hakuna hata mti mmoja. Maji yanachuruzika.

Chupa ilikuwa imefungwa kwenye roda, pale kamba inapopita. Nimeifungua na kumwaga yote chini. Ikanuka samaki. Hakuna aliyejali ile harufu.

Kelele zikaisha. Yule mzee akakaa chini akajifunika kichwa na shati. Masanja akabaki na sahani ya ugali mkononi.

"Umeniua, mama mdogo."

"Sijakuua."

Hayo tu. Nikashuka kwenye magogo, nikatafuta bodaboda. Dereva wa kwanza akakataa kunibeba.

Sina furaha. Sina majuto pia, na hilo linanitisha kidogo. Nimeomba msamaha kwa namna niliyoifanya. Kwa kuifanya sijaomba.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua tangu Ijumaa bila kupumzika. Uwanja wa soko ni tope.

Wateja hakuna. Wachimbaji wanavuka barabara wasipite mbele ya duka. Mwenye nyumba kaniuliza kwa upole kama nina mpango wa kuhama.

Dada kapiga simu kutoka Tinde. Hakunisalimia. "Umemlaani mwanangu? Ulikosa wa kumlaani?" Nimejaribu kumweleza habari ya papa na alizeti. Kasema anajua mimi niliolewa na mtu wa pwani, lakini hakujua nimejifunza mpaka huko. Akakata.

Ametoka tumbo moja na mimi. Nimelia. Kisha nimepanga upya rafu, na ile tupu ya nguva nimeiwekea sabuni za mwarobaini.

Mama Neema kaniletea viazi vya kuchemsha. Kasema kanisani kwao wanabishana, nusu wanasema nimefanya vizuri na nusu wanasema mimi mchawi. Nikamuuliza yeye yuko nusu ipi. Kasema yuko nusu ya viazi. Hapo nimecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 22 Novemba

Afisa kapita. Chupa zimepimwa. Papa na alizeti, kama nilivyosema. Kanipa mkono. "Huna kesi, mama." Kasema karatasi yangu ya mlangoni ataipiga picha awaonyeshe wenzake.

Nikamuuliza huko pwani nguva wamebaki wangapi. Kasema wachache mno, wanaowatafuta kuwahesabu hupita siku nyingi bila kuona hata mmoja. Nimemwambia nitamuombea yule aliyekuwa ananyonyesha. Kasema asante.

Jumatano, 27 Novemba

Jua limetoka. Barabara imeanza kukauka.

Mama Pendo kaja, mke wa Masanja. Sikumtegemea. Kanipa shikamoo kama siku zote na akataka ubani wa kufukiza nguo. Nimemwekea kiti. Akakaa.

Kasema mvua yote ile, kuta zimesimama. Hata jiwe halikudondoka. Masanja anamwambia kila mtu kwamba huo ndio ushahidi, dawa ilikuwa nzuri, mabaki yake yamezishika kuta hata baada ya mimi kuiua. Walimwita mganga aiweke upya. Mganga akatazama, akakataa. Kasema pale aliposimama mwanamke hapashiki dawa tena, pamebaki pa magogo tu.

Basi wameweka magogo. Wiki nzima ya kukata, kubeba na kukaza, toka juu mpaka chini. Jana wameshuka.

Nikamuuliza kama yameshika vizuri. Kasema Masanja mwenyewe ameyapiga teke moja moja. Analalamika kwamba shimo limekuwa jembamba na kazi inakwenda polepole.

Jina langu hataki litajwe nyumbani. Mama Pendo kasema hajui itachukua muda gani. Mimi pia sijui. Aliposimama kuondoka alinishika mkono kidogo, akasema wabeja, asante ya kwetu, akaenda.

Nimeswali adhuhuri. Mteja mmoja tu tangu hapo, alitaka habasoda.