Leso ya Kuazima na Jua la Kuanua

Jumatatu, 4 Novemba 1963

Leo nimeona mtu akingoja mwanga! Watu hungoja basi, hungoja mvua, hungoja mchumba. Bwana Nicanor Wafula aliteremsha mashine yake ya picha uani kwa Shangazi Barke saa nane mchana, akaisimamisha kwa miguu yake mitatu, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akangoja jua lishuke. Saa tatu u nusu. Dereva wake, Kefa, alilala ndani ya Landrova mdomo wazi.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Picha hii ya sinema itaonyeshwa siku za uhuru, mwezi ujao, hapa Kisauni na kwingineko: watu wa pwani na kazi za mikono yao. Nicanor katumwa na afisi ya Nairobi. Mimi nimechukuliwa kwa kuwa najua kusoma na kuandika, na kwa kuwa mshona mikeka wanayemtaka ni shangazi yangu. Kazi yangu ni daftari. Kila kinachoonekana kwenye picha nakiandika, ili siku ya pili kiwe vilevile.

Shangazi amekubali kwa sharti. Mikono, ndiyo. Uso, la. Alimwambia uso wake ni wa watu wake. Nicanor akaitikia kwa kichwa, hakubembeleza. Nimempenda kwa hilo.

Saa kumi na moja u nusu jua likapenya chini ya makuti. Jamani! Ukili uleule, mkanda wa miyaa iliyosukwa ninaouona tangu utoto, kila msuko ukasimama na kivuli chake. Mikono ya Shangazi ikang'aa mpaka ndani ya mikunjo. Sindano inaingia, inameta, inatoka. Nicanor akaitia mashine ufunguo kama saa ya ukutani, ikaanza kunguruma. Nusu saa tu — kisha adhana, Shangazi akakusanya vitu vyake akaenda kutawadha.

Nimeandika: bangili mbili mkono wa kushoto. Sindano mkono wa kulia. Leso ya kanga iliyochapwa makorosho mawili makubwa kiunoni, yaonekana yote chini ya mikono. Mistari kumi na saba ya ukili imeshonwa.

Najiona nina akili sana.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Tumeketi ukumbini na mashine imefunikwa turubali kama mgonjwa.

Nicanor ameeleza hali ilivyo. Mwanzo tumeupata. Uliobaki ni mwisho: Shangazi akitia mshono wa mwisho, mwanga uleule, mikono ileile. Kibati cha filamu kimebaki kimoja, dakika tatu hazifiki. Jumamosi ya tarehe 16 lazima kipande gari la moshi. Kikikosa, mkubwa wake amesema picha itamalizia kwa mashine za bandarini, na Shangazi atatolewa kabisa. Mwanzo usio na mwisho hawautaki.

Shangazi alikuwa akisikiliza huku akisuka.

"Picha yenyewe ina rangi?"

Hapana, Nicanor akasema. Nyeusi na nyeupe.

"Basi dhahabu ya yua mwaingojea nini?"

Kefa alicheka mpaka akakohoa. Nicanor hakucheka. Alichukua kipande cha ukili akakileta mlangoni. Mchana, akasema, jua huangukia kichwani, ukili unakuwa bapa kama karatasi. Jioni linakuja kwa ubavuni. Kila msuko unapata upande wake wa giza. Hapo ndipo kazi ya mama inaonekana.

Shangazi akafikiri. Akasema hilo analijua, wala hakufunzwa na mashine. Saa hiyo ndiyo aonayo mshono aliokosea. Wao huliita jua la kuanua, kwa kuwa ndilo la kuanulia nguo kambani. "Kumbe wewe wangojea makosa yangu!"

Hapo Nicanor akacheka.

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa! Niandike tu, nitafanyaje.

Jua limetoka safi baada ya siku mbili za mvua. Mashine tayari. Nicanor alitaka kutazama tu mwanga ulivyo, asipige. Shangazi akatoka chumbani — na leso ya madoadoa!

Shangazi, leso ya makorosho iko wapi?

"Ile? Si yangu ile. Ni ya Johari."

Johari ni jirani, mlango wa pili. Shangazi akaniona nimeduwaa, akanieleza kama mtoto. Mtu akiitwa kwenye shughuli huazima, sivyo? Hata arusi ya mamangu mkufu ulikuwa wa watu. Hangeweza kutazamwa na nchi nzima katika leso iliyochujuka. Akaifua siku ya pili, akairudisha na kipande cha halua. Watu huazima, watu hurudisha. Na hivi leo angevaaje ileile, waseme Barke ana leso moja?

Sasa Johari yuko Mwakirunge kwa dada yake aliyejifungua. Kaenda nayo.

Miaka yote nimeishi uswahilini, nimeazima na kuazimwa, na sikuuliza leso ni ya nani! Nimeandika makorosho, nimeandika bangili, na akili yangu nimeiweka wapi?

Ijumaa, 8 Novemba

Nicanor hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Amejaribu kutazama leso nyingine nne kupitia kioo cha mashine. Hazifai. Rangi haina neno, anasema, lakini makorosho yale yanaonekana waziwazi, watu wataona mama kabadilisha nguo katikati ya mshono. Madukani haipo. Mume wa Johari aliinunua Unguja.

Subira huvuta heri. Sawa. Ila heri yenyewe iko Mwakirunge.

Jumapili, 10 Novemba

Tumekwenda. Landrova imezama matopeni mara mbili, na mara zote mbili Kefa alinitazama mimi, kana kwamba matope nimeyatia mimi. Nimerudi na tope mpaka masikioni. Leso sikurudi nayo.

Tumeiona! Ndani yake kuna mtoto. Siku kumi na moja tangu azaliwe, kafungwa mbeleko mgongoni kwa Johari, makorosho yote mawili yamemkumbatia matako.

Nikaeleza habari ya picha, ya kibati kimoja, ya gari la moshi. Johari akanisikiliza mpaka mwisho. "Mtoto huyu halali ila katika leso hii. Mukiitwaa, basi laleni hapa mumbembeleze nyinyi." Nikamtolea leso zangu mbili mpya. Tukajaribu. Wallahi, kilio kile kilifika kwenye machimbo ya mawe, watu wakatoka kuja kutazama. Nicanor ndiye aliyesema basi, mrudishieni mwenyewe nguo yake.

Akamwomba aguse kidole cha mtoto tu. Ana watoto watatu kwao Bungoma, leo ndiyo mara ya kwanza kuwataja.

Johari kaahidi atakuja nayo mwenyewe Alhamisi, mtoto akizoea nyingine. Inshallah, akasema. Njia nzima nimeipima hiyo inshallah, ilikuwa ya kweli au ya kutufukuza.

Jumanne, 12 Novemba

Mkeka unapungua!

Nilidhani nimekosea kuhesabu. Daftari langu lasema Jumapili asubuhi: mistari kumi na tisa. Jana ishirini. Leo asubuhi kumi na tisa tena. Nikamwambia Nicanor, naye akasema labda mama amechoka, ni mtu mzima. Nikaona huruma. Nikasema nitamsaidia kushona.

Nikaingia uani bila hodi. Shangazi kakaa na mkeka mapajani, anafumua! Uzi anauvuta taratibu, anauzungusha kidoleni, autumie tena.

"Shangazi! Wafanyani?"

Hata hakushtuka. "Nikiumaliza leo, mutapiga nini hiyo Alhamisi?"

Kumbe! Tangu siku ile ya leso ya madoadoa. Mchana anashona kwa kuwa mikono yake haijui kukaa, asubuhi anafumua. Na akifumua ukili huchakaa, kwa hiyo anausuka mwingine badala yake. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia.

"Wewe wadhani wangojao ni nyinyi peke yenu?"

Nimetoka nje nikalia kidogo nyuma ya Landrova. Si kwa huzuni. Kefa alinipa leso yake ya mkononi. Ilinuka petroli.

Alhamisi, 14 Novemba

Johari amekuja! Kwa miguu mpaka barabara kuu, kisha kwa lori la mawe. Leso anayo. Ina doa la maziwa pembeni. Nicanor akasema tugeuze, doa liende nyuma.

Na mawingu. Kuanzia saa kumi mpaka adhana, wingu moja, halina hata tundu. Shangazi alikaa mahali pake, leso kiunoni, bangili mbili, sindano mkononi, hajashona hata mshono mmoja. Nicanor kakaa juu ya kinu chake. Tulivyokaa ndivyo tulivyoondoka.

Sijui kwa nini, lakini siku imekuwa nzuri. Shangazi amempikia Nicanor kaimati.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika mbio, nisamehewe mwandiko.

Siku ya mwisho. Asubuhi mvua. Saa tisa mvua. Saa kumi imekatika lakini anga limefunga. Nicanor alianza kukunja turubali pole pole, kama mtu anayetaka kuzuiwa. Shangazi akamwambia: keti.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano jua likatoka chini ya wingu, ubavuni kabisa, na kila kitu kikiwa kimelowa! Makuti yanadondosha matone ya mwanga. Ukili umesimama wote. Hata lile jiwe la kusugulia miguu lilikuwa zuri.

Mashine ikanguruma. Umebaki mshono wa upana wa shibiri. Mikono ikaenda bila haraka, kwa mwendo uleule wa siku ya kwanza. Mimi nahesabu kimoyomoyo. Nicanor kabana jicho kwenye kioo, hapumui.

Hapo Shangazi akasimamisha sindano. Nikadhani ameumwa. Akasema, polepole, angali ameinama:

"Mtu aliyekaa siku kumi na mbili kwangu si mgeni tena. Mwambie akitaka uso, autwae."

Akainua uso.

Nicanor akanitazama mimi. Mimi! Filamu inakwenda. Kubakia kwenye mikono, apate mshono wa mwisho alioagizwa — au kupanda? Vyote viwili havitatosha. Na mkubwa wake anataka mwisho. Nikainua kidole juu.

Akapandisha kioo. Taratibu, hakukirusha. Kutoka mikononi, kwenye makorosho, kifuani, mpaka kwenye uso wa Shangazi Barke. Hakuitazama mashine. Alimtazama Nicanor, kama utazamavyo jirani aliyebisha hodi. Jua lilimwingia kwenye mikunjo ya macho yote. Nimemjua mwanamke huyu miaka ishirini na tatu na nikaona sijawahi kumtazama.

Kisha mashine ikaanza kulia tap tap tap. Filamu imekwisha. Na adhana.

Mshono wa mwisho hatukuupiga.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimewasindikiza mpaka stesheni. Nicanor kakipakata kibati, hata Kefa hakumwachia akishike. Nikamwuliza: mkubwa atakubali? Hajui. Uso umetoka? Hajui pia. Jua lile lilikuwa kali kuliko la siku ya kwanza, na alipopanda hakupata nafasi ya kupima. Mpaka isafishwe Nairobi, hakuna ajuaye. Kama wiki moja hivi. Wakipenda kurudia, siku chache zitakuwa bado zipo, ataomba kibati kingine. Nikamwambia mimi ndiye niliyeinua kidole, aandike hivyo. Akasema macho yalikuwa yake. Akanipa mkono, akasema daftari langu ndilo safi kuliko yote aliyopata kuona. Baada ya yote yale! Nimecheka mpaka daraja la Nyali.

Sasa alasiri imepita. Naandika nimeegemea nguzo ya uani. Shangazi ameketi mahali pake, mkeka mapajani. Nilidhani ameumaliza jana baada ya sala. Nimeukunjua: pembeni kumeachwa wazi, upana wa kiganja. Sindano imechomekwa papo hapo na uzi wake.

Nimemwuliza mbona hakumaliza.

"Na wakisema haikutoka?"

Nikaukunja tena.

Johari yuko mlangoni, amekuja kuchukua leso yake arudi nayo Mwakirunge, mtoto hawalazi watu. Leso iko kambani tangu asubuhi, jua kali, imekauka mpaka imekakamaa. Nilikuwa nimenyoosha mkono niianue. Shangazi kanikata jicho.

"Karibu ndani, Johari," namsikia akisema. "Keti kwanza. Haijakauka."