Yu Njiani

Tarehe 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa miezi mitano bila kukuandikia. Sijakusahau, kila nikishika kalamu, usingizi unaniwahi. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi na Mkubwa hatujambo.

Huku kuna ule utulivu niliokuwa nautafuta tangu tumzike Mdogo. Tuna vyumba viwili, bustani ya mboga nyuma, na shule iko ng'ambo ya mto. Ni shule yetu wazazi: matofali tumefyatua wenyewe, na tunapokezana kufundisha, kufagia na kupika. Jumatatu jikoni ni zamu yangu. Cheka tu, mimi niliyekuwa naunguza hata maji.

Ila nimefanya kosa. Siku ya kuandikisha, fundi seremala aliniuliza nina watoto wangapi. Ulimi ukajibu kwa mazoea ya mama wa mapacha: "Wawili." Akachonga viti viwili, akaandika majina mawili daftarini. Nikaona haya kumsahihisha. Sasa kiti cha Mdogo kiko kando ya cha Mkubwa. Na huku hakuna mtoto anayeitwa mtoro. Ukiitwa nawe hupo, darasa zima linakuitikia: "Yu njiani."

Nilipowasikia mara ya kwanza nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Mwanao


Tarehe 17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Yule mtoto tulimfukia kwa mikono yetu, wewe na mimi. Sasa huyo aliye njiani anakwenda kufika wapi? Kalifute hilo jina. Fundi atakucheka siku moja, yatakwisha. Mwambie Mkubwa bibi yake anamngoja likizo.

Mama yako


Tarehe 10 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umelala salama. Nilikwenda kufuta. Kumbe jina hufutwa na mzazi mwenyewe, mbele ya darasa, likishaitwa. Nikasimama na kalamu. Mwalimu wa zamu, yule mshona viatu, akaita. Watoto wakaitikia, "Yu njiani, amefika kisimani."

Hilo la kisimani hakuna aliyewafundisha. Kalamu ikanishinda. Kesho yake wakasema amefika darajani. Jana: anavuka. Nikamuuliza mmoja wanajuaje. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mama, kwani humsikii anavyopiga mluzi?"

Mdogo alikuwa akipiga mluzi kwa lile pengo lake la meno. Huku sijamwambia mtu.

Mkubwa siku hizi anarudi na miguu imelowa hadi magotini. Anasema mtu hatembei mbali hivyo bila mwenzake kwenda kumlaki.

Mwanao


Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu. Kesho nenda shuleni, mshike Mkubwa mkono, lifute. Usimwache atoke mlangoni. Nijibu upesi.

Mama yako


Tarehe 2 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe tena kwa ukimya. Barua zako zote tatu nimezipata, hata ile ya mwisho ya kusema unakuja. Usije, mama. Nimechoka, sina nguvu ya kumpokea mtu wa kulia.

Nilifanya ulivyosema. Mkono mmoja nilimshika Mkubwa, wa pili kalamu. Jina likaitwa. Watoto hawakusema yu njiani. Walisema, "Yuko mlangoni." Upepo ukaingia ukapindua kurasa, nikamwachia Mkubwa ili nizuie daftari. Ni kufumba na kufumbua, mama. Akaenda kumfungulia mwenzake, na hakurudi ndani.

Mdogo hajambo. Anakula vizuri, anakaa kitini kwake, na pengo limeanza kuota jino. Ana baridi kidogo mikononi. Nimemkataza kupiga mluzi ndani ya nyumba, ananisikia.

Kiti cha Mkubwa nakipangusa vumbi kila asubuhi. Akiitwa, mimi huitikia pamoja na watoto, kwa sauti kubwa ili anisikie huko aliko: yu njiani. Bado hawajasema amefika wapi. Jina lake sifuti, wala usiniambie nifute.

Mwanao

Ninavyohitaji bado: sabuni ya kufulia, madaftari mawili ya mistari, ile kofia nyekundu ya Mdogo iliyo sandukuni kwako, viatu vya Mdogo, namba ishirini na sita, na viatu vya Mkubwa, namba ishirini na saba, vyenye soli nene, maana anatoka mbali.