Sweta Nililomvisha Mume wa Mtu

Dada Yustina,

Mwakeye, salamu zikufikie huko uliko. Ni mimi Lazaro, mdogo wako, yule aliyeishia darasa la nne lakini akawashinda wa darasa la saba kwa hesabu. Usicheke. Nimekaa hapa Kagunga, kwenye jiwe lako, naanika dagaa. Nimewageuza mara moja tu. Najua ungenigombeza.

Tangu tukuzike, ufuko umezidi kujaa. Meli inakuja kuchukua wakimbizi waliovuka mpaka, inawapeleka Kigoma, halafu kambini. Mama Goreti, yule mkimbizi uliyempa chumba cha nyuma, bado yuko kwako. Meli inaita, yeye anakataa. Goreti anakohoa mpaka anajikunja, na nesi kasema dawa iko kambini, huku hakuna. Mama yake anajibu lile lile: "Siondoki. Baba Goreti ananifuata hapa. Si Mjomba alimwona?"

Hapo ndipo moyo unapoungua, dada, maana huyo Mjomba ni mimi.

Unaikumbuka ile siku jumuiya ilisali kwako, kila mtu ashuhudie alivyovumilia kwa imani. Wenzangu walikuwa na mambo mazito. Mimi nilikuwa na mamba wangu niliyemfunga mdomo kwa mkanda, na walishamsikia mara saba. Basi nikasimama, nikasema nimemwona mume wa Mama Goreti ng'ambo, Kongo, mzima, amevaa sweta la kijani, anasema, "Mke wangu na avumilie." Nikaongeza kwamba mkono wa kushoto wa sweta umezidi urefu, maana uongo usio na kipimo haunogi. Mama Goreti akaanguka magoti. "Ni yeye! Aliondoka na sweta la kijani!" Vigelegele! Haki ya Mungu, hata mamba hajawahi kunipatia vigelegele vile.

Wewe peke yako hukupiga.

Kesho yake ulikuwa unageuza dagaa, hata hukuniangalia. "Lazaro, wewe umekauka juu tu, chini bado maji. Ayubu alivumilia ya kweli, hakuvumilia porojo. Kamwambie." Nikasema kesho. Kesho homa ikakulaza, na siku ya tano...

Kaburini kwako Mama Goreti alinishika mkono, akaniambia kwa lugha ya kwao, "Ihangane," yaani vumilia. Yeye ndiye ananifariji mimi! Nilitamani udongo ule unifunike na mimi.

Jana baada ya misa nikamwambia. Nikasema, sikumwona mumeo, sijui kama yu hai, nilitaka sifa tu. Akanitazama kwa huruma. "Mjomba, unasema hivyo ili nipande meli. Sweta la kijani ungelijuaje?" Nikaapa. Akasema, "Hata siku ile uliapa." Akaenda kumpepea mtoto.

Kumbe mtu anaweza kuzoea uongo mpaka ukweli ukija kwake haupati pa kukaa.

Wewe unajua nililijuaje. Ni langu. Ulinifumia kwa nyuzi zilizobaki za masweta ya shule ya watoto wako, mkono wa kushoto ukazidi, ukasema nikue niufikie. Nilimvisha mume wa mtu sweta langu. Nilikuwa nalivaa usiku ziwani tu, yeye hajawahi kuliona. Tangu msiba liko sandukuni, silivai, maana bado lina harufu yako.

Kesho asubuhi, kabla meli haijafika, nitalivaa nisimame mbele yake, mkono ule ukining'inia, aone mwenyewe. Akinitukana, sitajibu. Akinitemea mate, zamu yangu ya kuvumilia imefika. Asipoamini, nitarudi keshokutwa, na siku inayofuata, na maneno yale yale, bila chumvi. Na akikubali kupanda, Goreti ataondoka na sweta, ziwani kuna baridi. Mimi nitafuatana nao hadi kambini, nisome majina ya waliofika, moja moja, kwa darasa langu la nne. Nikilikuta jina la mumewe nitasema. Nisipolikuta nitasema pia.

Pumzika, dada yangu. Nimeinuka kidogo hapa katikati ya barua.

Nimewageuza tena. Chini bado maji.

Nduguyo,
Lazaro