Meli Ndogo ya Kwenye Kona

Tata, baba yangu,

Picha bado iko ukutani. Mama alisema tuitoe maana akiiangalia analia. Nikamwambia basi tutalia, lakini haitoki.

Ulipoinunua kwenye mnada wa ile nyumba ya zamani ya shamba la katani, ulitaka fremu tu. Mbao nzuri, ulisema, picha tutatupa. Mama akakuuliza, "Kwani tutakula fremu?" Halafu jioni moja ukaketi mbele ya hiyo picha, ukatazama zile meli zikipigana kwa mizinga, moshi kila mahali, na ikawa haitupwi tena. Ukaanza kuzichonga moja moja kwa mti wa mukau, wewe mtu wa Kibwezi ambaye maji mengi uliyowahi kuona ni ya mto ukifurika. Mimi nikawa napiga msasa.

Kila meli ulichonga upande mmoja, ule unaoonekana kwenye picha. Upande wa pili uliacha mti mtupu. Wateja pale kibandani barabarani walidhani hujamaliza. Ukawaambia, "Sijauona. Nitachongaje uongo?" Kuuza nako ulikataa mpaka upate majina ya meli zenyewe ya kuandika chini. Gari likisimama, unauliza, "Unajua meli wewe?" Watu wanataka vijiko vya saladi, Tata, wewe unawauliza vita!

Sasa sikia. Udongo wa kaburi lako haujatulia vizuri, akasimama pale kibandani mama mmoja ametoka Mombasa, anatafuta bakuli. Akaona meli, akauliza nani alichonga. Kumbe kazi yake ni kuchunguza michoro ya zamani ya bahari. Nilimwingiza ndani bila hata kufagia. Na nilimkasirikia Mungu, nakuambia ukweli. Miaka yote hiyo alishindwa kumpitisha huyu mama ukiwa umekaa pale kwa stuli yako?

Aliisoma picha vile wewe ulikuwa unasoma mti: bendera, safu za mizinga, sanamu ya mbele. Ile kubwa ni ya Wafaransa. Yenye tanga lililochanika ni ya Waingereza, na hao ndio walishinda. Ameniandikia majina, mengine yananishinda kutamka. Halafu ile sanamu uliyochonga mbuzi, Tata, ni simba. Ningekuchokoza nayo mwezi mzima. Nilicheka, kisha nikakosa wa kucheka naye.

Lakini si hayo ulitaka kujua. Wewe ulitaka ile ndogo ya kwenye kona, inayolala upande, yenye mtu anayepunga kitambaa. Kila jioni ukizima redio: "Huyu alifika kwao kweli?" Nikamuuliza mama yule. Akavua miwani, akasema meli hiyo haikuwa kwenye vita hivyo. Mchoraji aliona kona iko wazi, akaijaza.

Hakuna huyo mtu, Tata. Ningepaswa kufurahi, si ni kusema hakuna aliyezama? Lakini iliniuma vile iliniuma siku ile hospitalini. Ulimhurumia miaka hiyo yote. Natamani tu ungekuwa hapa ubishe, useme huyo mama hajui kitu, na mimi nikuunge mkono.

Zile zingine nimeziandika majina. Upande wa pili nimeacha vile uliacha, kwa sababu kuna watu waliouona, na si sisi. Ila hii ndogo hakuna aliyewahi kuuona upande wake wa pili, hata aliyeichora. Hapo sitakuwa nimedanganya mtu. Nimechukua tezo yako, ile ya mpini mfupi, na nakuahidi: huko nyuma nitachonga mashua, imekaribia kabisa, na mtu ndani yake amesharusha kamba.

Pumzika, Tata. Atafika kwao.

Binti yako,
Mutheu