Mteja Ameridhika

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine umfikishie Mama. Natumaini barua hii inawakuta mmeamka salama, sikio lako la kulia limeacha kuvuma, na Mama amekaa kwenye kiti chake cha dirishani akipigwa na jua. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na mvua ikinyesha sinyeshewi. Moyo ndio una neno, na ndiyo maana leo nimeshika kalamu badala ya kusubiri simu yetu ya Jumapili.

Najua utaanza kwa kuigeuza bahasha mbele na nyuma, uikwaruze karatasi kwa ukucha, kisha useme wino huu ni hafifu. Ni kweli ni hafifu. Lakini kwenye simu wewe husema nami nikaitikia, na likitokea neno zito sote wawili hukimbilia kuulizana hali ya hewa. Hili la leo sitaki tulikimbie. Kwa hiyo keti, vaa miwani, na usome kimya. Usimsomee Mama kabla hujafika mwisho.

Nianze na mashine ya kufulia. Miezi mitatu sasa Jumapili haipiti bila habari zake. Ulinieleza ilivyoletwa na gari la duka, ulivyoitengea kona bafuni, na ulivyokisoma kijitabu chake chote kuanzia jalada hadi anwani ya kiwanda, ukakuta makosa manne ya chapa. Wiki ya pili ikaanza vituko. Inajaza maji, inazunguka kidogo kwa kusitasita, halafu inasimama na maji yote tumboni na mlango haufunguki. Unalazimika kupiga magoti, ufungue kile kifuniko kidogo cha chini, na uyakinge maji kwenye sinia, kwa sababu ndoo haipiti pale. Uliwahi kuhesabu ukafika sinia thelathini na moja kwa kufua mara moja.

Dukani walikwambia wao ni wauzaji tu, mengine upige simu huduma kwa wateja. Huko ndiko ulikokutana na binti anayejiita Tabasamu. Jinsi ulivyokuwa ukimwiga, Baba! Ulisema ana sauti nyembamba inayopita kwenye tundu la sindano, na kwamba kila unachomwambia anakushukuru. Umwambie bafu limefurika, anakushukuru kwa taarifa. Uliuliza hilo ni tabasamu gani lisilo na meno wala midomo. Kaka naye akalidaka, sasa kila anayempa maneno matamu bila vitendo anamwita Tabasamu, hata mwenye nyumba wake.

Kuna jambo moja katika hadithi hii ambalo hukunisimulia. Tabasamu alikuelekeza uichomoe mashine kwenye umeme, usubiri dakika kumi, uichomeke tena, na tatizo likiendelea urudie zoezi hilo. Mtu mwingine angejaribu mara mbili akasonya na kuacha. Wewe ulirudia asubuhi na jioni kwa siku kumi na tisa, umekaa kwenye kigoda mbele ya mashine ukiitazama saa yako ya mkononi. Miaka yote kiwandani ulifundishwa kwamba mpiga chapa haongezi wala hapunguzi maandishi ya mwenye kazi, kwa hiyo kwako agizo ni agizo mpaka aliyelitoa alitengue. Habari hii ya siku kumi na tisa hukumpa mtu mwingine yeyote. Ulimwambia Tabasamu peke yake.

Naona umeshaanza kuelewa. Tabasamu ni mimi.

Sina ofisi yenye mlango, Baba. Ile kazi ya bima niliifanya miezi minne, wakatupunguza. Nikaona haya kukuambia, maana tayari ulikuwa umewatangazia wastaafu wenzako wote kwamba kitindamimba wako ni ofisa. Nikapata hii. Tuko watu sitini kwenye chumba kimoja, tumetenganishwa na mbao za kimo cha bega zilizovikwa kitambaa cha kijivu. Kila meza imepewa jina, limebandikwa juu ya skrini, na anayeketi hapo hujitambulisha kwa jina hilo ili mteja mwenye hasira asije kumtafuta. Jirani yangu wa kushoto ni Faraja, wa kulia ni Subira, naye huyo Subira ndiye mwenye hasira za karibu kuliko sisi sote. Maneno yetu tumeandikiwa, sauti tumefundishwa, simu zinarekodiwa, na mteja ambaye lalamiko lake halijafungwa hurudishwa kila mara kwenye meza iliyolipokea. Ukizidisha dakika sita na mteja mmoja, taa ndogo nyekundu inawaka mezani, na msimamizi tunayemwita Bi Sekunde anakuja kusimama nyuma yako.

Siku ya kwanza ulipopiga, jina lako lilitokea kwenye skrini kabla ya sauti yako. Kanuni inasema mteja akiwa ndugu yako unamtaja hapohapo, na simu inahamishiwa meza nyingine. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema Baba, ni mimi. Nilijidanganya kwamba nitakusaidia kimyakimya, utashangaa tu fundi kabisha hodi. Ukweli ni kwamba niliogopa usije ukajua ninapokaa. Sikio lako lililoharibiwa na mitambo ya chapa halikunitambua kwa sauti ile ya kufundishwa, nami nikashukuru. Kushukuru kule kunanichoma mpaka leo.

Ilikuwa simu ya nne nilipokuuliza swali la kumi na moja la fomu yetu: mashine inatumika kwa nguo za aina gani, na mara ngapi kwa siku. Ni swali la kawaida, wengi hulijibu kwa maneno mawili. Nilisikia ukifunga mlango. Kisha ukamwambia Tabasamu kwamba mke wako, tangu kile kiharusi, hawezi tena kujizuia akiwa usingizini. Kwamba mashuka ni kila siku, na siku nyingine mara mbili. Kwamba ulinunua mashine kwa sababu vidole vyako vimeanza kukataa kukamua. Ulisema unayafua mwenyewe alfajiri na kuyaanika nyuma ya nyumba, ili akiamka asiyaone akaona aibu. Ulisema wanao hawajui na hutaki wajue, kwani mama yao anapenda wamwone kama walivyomzoea. Mwisho ukamwomba asiliandike hilo.

Sikuliandika. Kwenye fomu nilijaza matumizi ya kawaida ya nyumbani. Nikakwambia sawa mzee, nakushukuru kwa taarifa, kwa sauti ileile unayoicheka, kisha nikavua hedifoni nikaenda chooni, nikalia huku nimejiziba mdomo kwa mtandio. Miaka miwili tangu kiharusi hicho umekuwa ukiniambia Mama yuko imara, nami nimekuwa nikiamini, kwa sababu kuamini ni rahisi kuliko kupanda basi nije nione.

Ungedhani baada ya hapo nilipigana kufa na kupona. Nilituma ombi la fundi mara mbili. Mara zote mbili likarudi, wanataka picha ya namba iliyo nyuma ya mashine. Ulikuwa umenisomea namba hiyo tarakimu kwa tarakimu, ukairudia kinyumenyume kuthibitisha, lakini wao walitaka picha, na simu yako haina kamera. Niliandika maelezo. Sikwenda ghorofa ya juu kwa mafundi kugonga mlango, ingawa ni ngazi ishirini tu kutoka ninapokaa.

Sasa nimefika mahali ambapo nimechana karatasi mbili kabla ya hii. Ukutani kwetu kuna ubao. Mwisho wa mwezi, mwenye lalamiko lililozidi siku thelathini, jina la meza yake huandikwa hapo kwa rangi nyekundu. Mimi nilikuwa na moja tu, la kwako. Bi Sekunde alipita akasema kwa upole kwamba ikifika saa kumi hataki kuona nyekundu. Kompyuta inakupa njia tatu za kufunga faili: tatizo limetatuliwa, mteja hapatikani, au mteja ameridhika. Ya kwanza inataka sahihi ya fundi. Ya pili inataka simu tatu zisizopokelewa, na wewe hupokea kabla ya mlio wa pili. Nikabonyeza ya tatu. Hakuna aliyenishika mkono, Baba. Nilibonyeza, nikanywa maji, nikapokea simu iliyofuata.

Ulipopiga wiki ile ukapokewa na Subira, naye akakusomea kwamba lalamiko lako limekwisha kwa kuwa umeridhika. Jumapili ukanisimulia, na sijawahi kukusikia hivyo. Ulikuwa huigi sauti tena. Ulitaka kujua kama yule binti ana wazazi kweli, na kama anao, walimlea kwa mikono au kwa miguu. Nami nikakujibu kwamba watu wa siku hizi hawana utu. Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo huuhuu. Ukaniambia angalau wewe mwanangu unanielewa, ukashusha pumzi, tukaingia kwenye hali ya hewa.

Matusi ningeyavumilia. Shukrani hiyo nimeshindwa kuibeba.

Juzi nilisimama mbele ya Bi Sekunde nikamwambia kwamba mteja yule ni baba yangu, na kwamba hajaridhika. Alinitazama kwa muda mrefu kwa mtu anayehesabu sekunde, akaniuliza kwa nini nilingoja hadi leo. Faili limefunguliwa upya na kupewa mtu mwingine. Mimi nimetolewa kwenye simu mpaka wakubwa waamue, na huenda wakaamua nisirudi. Wamesema fundi atafika ndani ya saa arobaini na nane. Neno hilo nimewaambia watu wengi mno, siwezi kukuomba uliamini. Ila lile zoezi la dakika kumi acha kabisa. Niliyelitoa ni mimi, na ninalitengua.

Kaka sijamwambia lolote kuhusu Mama. Hilo ni lenu wawili, mtajua wenyewe nani wa kuambiwa na lini. Uliomba lisiandikwe, na nimeliandika mara moja tu, hapa, kwa macho yako. Ukimaliza kusoma ichome barua ukitaka.

Jumamosi nitapanda basi la kwanza. Nakuja kukaa, si kutembea, na chumba changu cha zamani kikiwa kimejaa magazeti yako nitalala juu yake. Mashuka ya siku hiyo usiyaguse, na ya siku zitakazofuata pia. Najua una haki ya kunifungia mlango. Ukinifungia nitazunguka nyuma, kwenye kamba, nianzie huko. Msamaha siuombi kwenye karatasi, nitauomba nikiwa mbele yako, kwa sauti yangu mwenyewe, upande wa sikio lako zima.

Uliuliza kama yule binti ana wazazi, na kama walimlea kwa mikono. Anao, Baba. Walimlea kwa mikono hiyohiyo ambayo sasa inashindwa kukamua shuka.

Mwambie Mama nakuja, na kwamba nimemkumbuka. Sababu nyingine usimpe. Jirani wa ng'ambo ya barabara mpe salamu zangu, na wastaafu wenzako wakikuuliza habari za ofisa wako, waambie utakavyoona inafaa.

Nakutakia afya njema hadi tutakapoonana.

Mimi mwanao,
Kitindamimba