Mbwa wa Mlango wa Mbele

Jumamosi, 28 Oktoba 1961

Nimerudi nyumbani na mbwa. Sikupanga.

Nilikwenda kumhoji bwana pamba mmoja, afisa wa zao hilo, Mwingereza, anayefunga mizigo baada ya miaka kumi na moja hapa Mwanza. Maswali manane, majibu manane, hakuna la kuchapisha. Nilipofunga daftari akasema Jumatatu atampiga risasi mbwa wake. Hawezi kusafiri naye, na hakuna aliyemtaka. Akaniuliza kama nina ua. Nikasema ninao. Basi.

Maelezo: dume, miaka minne. Baba yake mbwa wa Kizungu wa kuwindia simba, mama yake mbwa wa kijijini, Magu. Rangi ya nyasi kavu, mdomo mweusi. Mgongoni ana mstari wa manyoya yaliyolala kinyume na mengine. Sikio moja limesimama, la pili limeanguka. Njiani nilimpitisha kwenye mizani ya pamba: ratili tisini na nne. Karani akauliza, kama anavyouliza kila mkulima, ni safi au fifi, daraja la kwanza au la pili? Wenzake wakacheka sana.

Jina lake Rufasi. Mke wangu Paskazia alimtazama kutoka kichwa mpaka mkia, akauliza anakula nini. Nikasema sikuuliza.

"Mwandishi mzima!" akasema, akarudi jikoni.

Jumapili, 29 Oktoba

Anakula ugali na furu, visamaki vya ziwani. Hachagui. Anakula kimya, halafu anaondoka bila kumtazama aliyempa.

Binti yetu Odeta alitaka kumpanda kama punda. Ana miaka kumi, nilidhani hayo yamemwisha. Rufasi alisogea hatua mbili, mtoto akaanguka. Hakubweka, hakuuma.

Baada ya misa nilimkuta juu ya jabali nyuma ya nyumba, anawatazama pimbi. Pimbi nao wanamtazama. Nusu saa. Hakuna aliyeanza.

Jumatano, 1 Novemba

Mvua siku ya nne mfululizo. Nimetuma simu gazetini, Dar es Salaam: maji ya ziwa yamepanda, bonde la mpunga limefunikwa.

Kuna jambo juu ya mbwa. Ng'washi, mama muuza samaki, aliingia kwa mlango wa uani bila hodi, beseni kichwani. Rufasi alimtikisia mkia. Saa moja baadaye akaja katibu wa ushirika kwa mlango wa mbele, suti na tai. Rufasi alimrukia mpaka kwenye ukuta. Tai imechanika. Nimeomba radhi.

Alhamisi, 2 Novemba

Nimefanya jaribio. Nilitoka uani, nikazunguka nyumba, nikaja kwa mlango wa mbele. Mimi, ninayemlisha! Alibweka na kuonyesha meno. Nikarudi nyuma, nikaingia uani: kimya, mkia. Mara tatu. Matokeo yaleyale.

Kisha akaja padre, Mholanzi, kwa mlango wa mbele. Rufasi akalala chini na kugeuza tumbo.

Kwa hiyo ni hivi. Alilelewa kwenye nyumba ambayo Mwafrika anaingia kwa mlango wa jikoni. Huko anaruhusiwa. Mbele ni mwizi.

Nilimweleza Paskazia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Basi anatujua vizuri," akasema. "Wapishi."

Ijumaa, 3 Novemba

Tunapita uani wote. Ni rahisi zaidi. Nimewaambia na majirani wapite uani mpaka mbwa azoee.

Jumamosi, 4 Novemba

Paskazia amekataa. Ametoka sokoni na kikapu kichwani, akaja moja kwa moja mbele. Rufasi akatoka kama moto. Paskazia akasimama. Hakurudi nyuma, hakupiga kelele, hakushusha kikapu. Mbwa alibweka kwa dakika ishirini na mbili kwa saa yangu. Watu walisimama barabarani. Ng'washi alimshauri apige yowe. Mwishowe sauti ya mbwa ikakauka, akakaa chini. Paskazia akampita, akaingia.

Mezani alisema neno moja tu juu ya hilo: kwao Nansio mtu hapiti jikoni kwake mwenyewe kama mtumishi.

Nilifikiri kuliandikia gazeti habari hii. Nimeacha. Watasema nimetunga.

Jumatatu, 6 Novemba

Rufasi amemuuma Mbaruku.

Niandike kwa mpangilio. Mbaruku ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, jirani yetu miaka tisa. Saa kumi na nusu alikuja kuuliza kama nimesikia lolote juu ya urefu rasmi wa bendera mpya. Ana kazi ya bendera za shule kumi na nne kabla ya tarehe tisa mwezi ujao, siku ya Uhuru. Nilikuwa nimemwambia Ijumaa apite uani. Aliona ninatania, au nimepotea adabu. Uani ni kwa wanawake. Paskazia yuko pale, khanga moja, anapika. Mwanamume mwenye malezi ya Mbaruku haingii huko hata nyumba ikiungua. Alikuja mbele, akapiga hodi, akangoja. Ya pili, akangoja. Hakuna aliyemsikia kwa mvua. Kwa hodi ya tatu mbwa alikuwa kwenye shavu la mguu wake wa kulia.

Matundu manne, mawili yana kina. Damu nyingi kuliko nilivyotarajia. Nilimshika Rufasi kwa ngozi ya shingo. Aliniachia nimshike. Alikuwa ameridhika — kama mtu aliyemaliza kazi.

Mbaruku alikaa sakafuni, akasema tu: "Mguu wa cherehani, Bwana Mihayo."

Jumanne, 7 Novemba

Hospitali: jeraha limeoshwa. Daktari aliuliza kama mbwa ana chanjo. Bwana pamba hakuacha karatasi yoyote, na meli yake imeondoka.

Kisha ofisi ya mifugo. Bwana mifugo anaitwa Maige, mtu mpole, anaongea kama anasoma. Kichaa cha mbwa kimeonekana upande wa Magu mwezi uliopita. Amri ni hii: mbwa afungwe, atazamwe siku kumi. Akifika siku ya kumi mzima, wote wawili wamepona. Akibadilika kwa chochote — asile, asinywe, sauti igeuke — nije siku ileile kabla ofisi haijafungwa. Atapigwa risasi, kichwa kitapelekwa kupimwa, na Mbaruku ataanza sindano palepale. Kumi na nne, za tumboni, moja kila siku.

"Na asipozianza?" Mbaruku akauliza.

"Ugonjwa ukishajitokeza, mzee wangu, hatuna dawa."

Akanipa karatasi yenye mistari kumi: tarehe, amekula, amekunywa, hali, sahihi. Akasema wewe mwandishi, hutashindwa kujaza.

Siku ya kwanza. Amekula. Amekunywa. Hali: kawaida.

Jumatano, 8 Novemba

Siku ya pili. Amekula, amekunywa.

Tatizo la mahali. Nilimfunga uani kwa mnyororo, lakini Mbaruku anataka kumwona kwa macho yake, na uani hawezi kuingia. Nimemhamishia barazani, mbele. Sasa mbwa na fundi wanatazamana ng'ambo ya barabara kutwa nzima, mmoja na mnyororo, mwingine na cherehani. Rufasi anambwekea. Mbaruku anakanyaga kwa mguu wa kushoto. Mshono unakwenda upande.

Ijumaa, 10 Novemba

Siku ya nne. Amekula, amekunywa.

Asubuhi Mbaruku alisimama katikati ya barabara na mwavuli. "Mgonjwa wangu kaamkaje?"

Nikamwambia vizuri.

"Alikula nini?"

"Ugali."

"Ugali! Mtu ameshika roho yangu, wewe unampa ugali?"

Alipotoka msikitini alipitia buchani. Alirudi na nyama ya mbuzi, akaichoma kwenye ncha ya fimbo ndefu, akaisogeza kwa mbali, huku amegeuza uso. Rufasi alibweka, kisha akala, kisha akabweka tena.

Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya tano. Nyama tena. Mwanvua, mke wa Mbaruku, amevuka barabara kulalamika kwa Paskazia. "Mama Odeta, mimi tangu Idi sijaona nyama kama ile. Mbwa ananishinda cheo!"

Paskazia akamwambia akabweke barazani aone.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Mwanvua akauliza, kwa sauti ya chini, sindano hizo za tumboni zinaua? Paskazia akasema hapana. Hajui. Mimi pia sijui.

Jumatatu, 13 Novemba

Siku ya saba. Amekula, amekunywa.

Hakumbwekea Mbaruku leo. Nilihesabu: mara sifuri. Fundi alipofungua mlango saa moja asubuhi mbwa alisimama, akatikisa mkia mara moja, akakaa. Mbaruku alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kusema.

"Umeona, Bwana Mihayo?"

Nimeona.

"Andika basi."

Karatasi haina nafasi ya hilo. Ninaandika hapa.

Odeta anasema Rufasi sasa anamjua Mzee Mbaruku kuliko anavyonijua mimi. Ni kweli. Siku nzima nipo kazini.

Jumanne, 14 Novemba

Siku ya nane. Amekula, kidogo kuliko jana. Amekunywa. Hali: ametulia.

Bendera tisa tayari. Zimetundikwa ndani kwa Mbaruku zikauke. Unyevu umeingia kila kitu.

Jumatano, 15 Novemba

Siku ya tisa.

Saa moja asubuhi: hajala. Ugali na furu vipo vilevile.

Saa nne: hajala. Amelala, macho wazi, kidevu juu ya miguu ya mbele. Nimemwita. Sikio lililosimama limegeuka, kichwa hapana.

Maji: sijui. Bakuli liko chini ya bati na mvua inalijaza. Nilipaswa kulifikiria hilo jana. Nimelisogeza ndani ya baraza saa nne na robo, limejaa mpaka ukingoni. Saa sita bado limejaa.

Saa saba Mbaruku alileta ini. Ini zima, la mbuzi. Alilisogeza kwa fimbo. Rufasi alilinusa, akageuza kichwa.

Mbaruku alikaa kwenye ngazi yangu, hatua tano kutoka kwa mbwa.

"Ni shibe," akasema. "Nimemvimbisha mimi. Siku sita nyama!"

Inawezekana. Nimewahi kuona mbwa aliyeshiba sana akilala hivi. Sijawahi kumwona mwenye kichaa.

Nilitoa karatasi. Ofisi ya mifugo inafungwa saa kumi. Kwa miguu ni nusu saa.

"Andika amekula," Mbaruku akasema.

"Hajala."

"Andika kidogo."

"Hata kidogo hajala."

"Basi nitakula mimi, uandike imeliwa!"

Odeta alicheka. Mama yake akamtuma ndani.

Kisha Mbaruku akaongea taratibu. Kwamba kesho ni siku ya kumi. Kwamba nikienda leo, mbwa anakufa leo, na huenda ana tumbo tu. Kwamba mguu ni wake na tumbo ni lake, mwenye kuamua ni yeye. Kwamba tangu juzi mnyama huyu anamsalimu asubuhi kabla ya mtu yeyote wa mtaa huu. Lile la mwisho alilisema akitazama chini.

Nikamwambia Maige alisema chochote kikibadilika.

"Maige hajauona mkia wake."

Mwanvua alikuwa amesimama mlangoni kwake, ng'ambo. Sikujua anasikia. Alipaza sauti juu ya mvua: "Wanaume wawili wazima mmekaa mnabishana cha kuandika. Mimi ndiye nitakayekaa eda, Baba Moza! Si mwandishi, si mbwa!"

Mbaruku, ndiye Baba Moza, aliigeuzageuza fimbo mikononi.

Paskazia alinitazama mimi. Akasema kazi hii umeifanya miaka ishirini na mbili, leo unauliza watu cha kuandika?

Nimeingia ndani na karatasi. Nimeandika tarehe. Kwenye nafasi ya chakula kalamu ilikwishaandika "ame" kabla sijaizuia. Nimeifuta kwa wembe, karatasi imekuwa nyembamba, mwanga unapita.

Saa tisa na dakika kumi na tano. Viatu nimevaa. Koti nimevaa.

Kutoka dirishani: Mbaruku ameinuka ngazini. Ameiweka fimbo chini. Ameliokota ini kwa mkono — mkono wa kulia, mtupu — mtu ambaye tangu nimjue huosha nguo ikiguswa tu na mbwa. Paskazia anamwambia aache. Mwanvua anavuka barabara peku, khanga imelowa. Mbaruku amechuchumaa, ameunyosha mkono, yuko ndani ya urefu wa mnyororo. Anamsemesha. Simsikii.

Rufasi amesimama.

Saa tisa na dakika kumi na saba.