Bi Mwanaheri na Mashine Yangu ya Kusaga

“Unasaga ndani ya nyumba yangu?!” Filo, mwenye nyumba wangu Bi Mwanaheri kanifokea hivyo mlangoni sasa hivi, nusu ya mtaa wetu wa Murubona inatazama!

Nikamwambia, “Mama, hii ni spika ya kinanda changu cha kwaya.” “Spika gani inazunguka na kunguruma? Tulikubaliana hakuna mashine. Unahama leo!”

Nikaizima, nikafungua mfuniko wa nyuma aione ile pembe inayozunguka kutoa sauti. Shosti, mama wa watu AKAINGIZA MKONO KUTAFUTA UNGA. Unga!! Majirani hoi.

Nikawasha, nikapiga. Pembe ikaanza taratibu, ikakolea, sauti ikatetemeka kama mtu anayelia huku anacheka. Bi Mwanaheri akakaa juu ya ndoo yangu ya maji. “Kinanda cha harusi yangu kule Tanga kililia hivi hivi. Hebu rudia.” Nimerudia mara nne, Filo, mara NNE!

Mwisho nikajikaza, “Sasa mama, nihame?”

“Uhame uende wapi na njaa hiyo? Njoo kwangu ule, pilau inapoa. Na hiyo mashine yako uibebe.”